Mwalimu Aliyemweka Gaidi Nje ya Dirisha

Rafiki yangu, ingia ndani kabisa, usisimame mlangoni. Haya ninayokupa simpi kila mtu. Nakupa wewe kwa sababu najua neno likifika kwako halitoki likiwa limenenepa. Nataka kukuambia habari za mwalimu wangu wa masomo ya jioni. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika barua na kujaza fomu, na mkono huu unaoandika sasa yeye ndiye aliyeunyoosha. Kwa hiyo sitasema hakunitendea jema. Lakini simpendi. Nimesali miaka mingi juu ya jambo hili, nimefunga, nimeungama. Padre akaniambia nimsamehe, nami nimemsamehe. Kusamehe ni kumwachia Mungu fimbo. Si kusema hakuna aliyepigwa.

Jina lake silitaji. Hapa Juba mwalimu tunamwita ustaz, hata akiwa Mkristo mnayekaa naye benchi moja kanisani, basi na mimi nitamwita hivyo. Wala sitakuambia alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani. Maswali ya mtoto wa nani yametumaliza vya kutosha nchi hii.

Ungemtambua kwa koti. Koti moja, rangi ya majivu, mifuko imelegea. Juba unaijua, jua linapiga mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha lori, na yeye ndani ya koti, vifungo vyote vimefungwa. Alirudi nalo kutoka Nairobi mwaka ule tuliopata uhuru. Sisi wengine tulirudi kutoka Uganda na masufuria na magodoro, yeye akarudi na koti na redio. Redio aliifunga kwenye kavera, mfuko mweusi wa plastiki, vumbi lisiingie, akaibeba kifuani kama mtoto mchanga. Watoto wa mtaani wakimwona wanaimba, "Ustaz, mtoto amelala?" Naye anajibu bila kucheka, "Amelala, lakini anasikia kila kitu."

Shule yenyewe ilikuwa ya kanisa. Mchana watoto, saa kumi na moja jioni sisi wakubwa, tunabanana kwenye madawati madogo, magoti yanagonga mbao. Mimi nilikuwa nauza samaki wa kukausha ninaoleta kutoka Rejaf, nakuja darasani nanuka moshi. Alikuwepo Mganda mmoja mwenye saluni ya kunyoa, sote tukimwita Kinyozi. Na alikuwepo Mama Nyamal. Yeye aliuza chai bandarini, kwa wale wanaume wanaopakia mizigo kwenye meli zinazoteremka na mto kwenda kaskazini. Alikuwa mwembamba, mrefu, mpole, na hesabu zake zilikuwa kali kuliko za mtu yeyote mle ndani. Kwenye mkono wa kushoto, hapa kwenye kifundo, alikuwa na kovu la moto, jembamba kama bangili, la binika ya chai iliyomwangukia. Mshike vizuri huyu mama. Ndiye sababu ya mimi kuandika.

Ustaz alikuwa na ugonjwa mmoja, midahalo ya watu wanaotaka urais. Siyo yetu, sisi hatukuwa nayo. Ya wengine. Waamerika wakigombea, anasikiliza. Majirani zetu Wakenya walipokaribia kupiga kura, wagombea wakasimamishwa mbele ya watu waulizwe maswali, siku ile Ustaz hakula. Kesho yake alikuja macho mekundu, akafuta ubao wote, hata hesabu ambazo hatujamaliza kunakili, akasema, "Sikizeni. Sisi pia tuko na nchi sasa. Siku moja tutachagua rais. Nani kati yenu anajua kumuuliza rais swali?"

Tukainamia madaftari.

"Hakuna? Basi tutajifunza."

Nitasema ukweli, mwili wangu ulisisimka. Mtu umekulia kambi ya wakimbizi, umezoea kuulizwa wewe, kadi yako iko wapi, watoto wangapi, halafu mtu anakuambia wewe ndiye utamuuliza rais. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu, alikuwa hai bado, "Baba Keji, jiandae, mimi itauliza rais." Akasema, "Muulize maji yatafika lini." Tukacheka sana.

Lakini maji Ustaz hakuyataka. Kinyozi, ambaye saluni yake ilipakana na nyumba ya Ustaz, alituambia jambo moja: wagombea wakiulizwa habari za shule na hospitali, Ustaz anapunguza sauti ya redio kuokoa betri. Wakifika kwenye magaidi, anaongeza mpaka mwisho. Na wakiulizwa nchi za nje zitasemaje ukichaguliwa wewe, hapo anasimama kabisa, koti na yote, kama wimbo wa taifa unapigwa.

Akatutengenezea mchezo. Wanafunzi wawili wanasimama mbele, ndio wagombea. Mmoja anakaa kwenye kiti cha mwalimu, amevaa koti la Ustaz, huyo ndiye Dunia. Dunia ana chaki, anatoa alama juu ya kumi. Wagombea hawaruhusiwi kututazama sisi tuliobaki. Sisi ni wananchi, kazi yetu kupiga makofi. Wanamtazama Dunia tu. Swali la kwanza siku zote lilikuwa moja: utafanya nini na magaidi? Na la pili: Dunia itakuonaje?

Mwanzoni magaidi walikuwa mbali, wale wa kwenye redio, wanaolipua mabasi na maduka ya watu. Hakuna aliyewapenda. Mimi ninajua maana ya kukimbia na mtoto mgongoni, sijawahi kumwonea huruma mtu anayeua watu sokoni. Kama mchezo ungebaki pale, leo ningekuwa namsifu.

Tatizo lilianza na kiti. Mama Nyamal alikuwa anachelewa, kwa sababu wanaume wa bandarini hunywa chai ya mwisho wakishapakia. Siku moja alifika darasa limejaa. Akatoa kiti chake cha kuuzia chai, kile kifupi cha miguu minne kilichosukwa kamba, akakaa nje chini ya dirisha, akaweka daftari kwenye magoti, akawa anachungulia ubao. Wagombea wawili walikuwa katikati ya kelele. Ustaz akaona kichwa kinachomoza dirishani, akanyoosha chaki, akasema, "Huyo hapo! Gaidi wenu ameshafika mpakani!"

Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Mama Nyamal mwenyewe alicheka, akaziba mdomo na mkono. Ilikuwa inachekesha, sitakataa. Kesho yake alifika mapema akaingia ndani, Ustaz akamwambia, "Mama, leo pia tunakuhitaji nje." Akatoka na kiti chake. Na kesho yake. Ikawa desturi. Gaidi anakaa nje ya dirisha, wagombea wanamnyooshea kidole, na sharti la Ustaz lilikuwa hili: Gaidi haongei.

Kwa nini yeye siku zote? Kinyozi aliuliza mara moja. "Ustaz, na mimi niwe gaidi kidogo, nipate hewa."

"Wewe haufanani."

"Gaidi anafananaje?"

Ustaz akapangusa chaki vidoleni. "Dunia ikimwangalia inaamini. Wewe una uso wa mtu wa kunyoa."

Tukacheka tena. Mama Nyamal hakuwa wa kabila la wengi wetu mle ndani. Hilo hatukulisema. Nchi ilikuwa mpya, kila mtu anamwita mwenzake ndugu, bendera mpaka kwenye boda. Lakini unajua jinsi kitu kinavyoweza kukaa darasani miezi mingi bila kusemwa.

Misemo yake ninaikumbuka yote, niliiandika kwenye daftari nikidhani ni elimu. Alisema, "Rais ana wasikilizaji wawili, aliyelala njaa hapa na aliyeshiba kule ng'ambo. Mjibu aliyeshiba kwanza, mwenye njaa amezoea kusubiri." Alisema, "Adui kila mtu anaye, ukisema una adui watu wa nje wanakuambia kaeni mzungumze. Sema una gaidi, hawakuambii mzungumze." Na huu aliupenda kuliko yote, anausema taratibu, kidole kimoja juu: "Anayelitaja lile neno kwanza ameshinda. Wa pili kazi yake ni kujieleza."

Siku hizi naufikiria msemo huo nikiwa naosha samaki. Ni wa kweli kabisa, na huo ndio ubaya wake. Mtu anaweza kukufundisha ukweli ili ukaufanyie ubaya.

Usifikiri alikuwa shetani mwenye pembe. Kwa masomo yale hakututoza kitu. Kinyozi alipougua malaria, Ustaz alimpelekea uji siku nne, mwenyewe, na koti. Kanisani, wimbo wa mazishi ukianza, alikuwa analia kabla ya wafiwa. Na alikuwa na ulimi mkali juu ya wageni weupe, makhawaja. "Hao wanatupimia uhuru kwa kijiko," alisema. Lakini gari jeupe la makhawaja likionekana kwenye kona, alinyoa ndevu kwa maji baridi, akabadilisha tarehe ubaoni kwa mwandiko mzuri, akatuambia, "Leo hakuna kusema Kiarabu, na nani atafunika lile shimo la choo?" Siku moja khawaja mmoja mwanamke alichungulia akamwona Mama Nyamal amekaa nje juani na daftari. Akauliza kwa nini. Ustaz akajibu haraka, "Ni utamaduni wao, anapenda hewa." Khawaja akaandika. Mama Nyamal alikuwa anasikia Kiingereza cha kutosha. Aliinamisha kichwa, akaendelea na hesabu zake.

Sasa niseme na langu, kwa sababu sina haki ya kumwanika mtu nikajificha mwenyewe nyuma ya kanga.

Siku moja Ustaz alinivisha koti. Mimi nikawa Dunia. Lilikuwa zito, linanuka jasho na chaki, na nakuambia rafiki, nililipenda. Unakaa, watu wanakutazama wewe tu, wanakubembeleza. Wagombea walikuwa Kinyozi na dereva mmoja wa boda. Kinyozi akasema akipata urais atamfukuza Gaidi mpaka jangwani. Yule wa boda akasema yeye hatamfukuza, atamfunga, na ufunguo atautupa mtoni. Makofi. Ndipo Mama Nyamal akasimama pale dirishani. Mpole yule. Akaweka mikono yake kwenye fremu, akasema, "Na mimi? Mbona hakuna mtu anauliza mimi nimefanya nini?"

Kisha mtu akacheka, wakafuata wengine.

Ustaz akasema, "Gaidi ameongea. Amevunja sharti. Dunia, toa alama."

Nikamtazama Mama Nyamal. Huyu mwanamke alikuwa ananipa chai bandarini na kusema nitalipa kesho, halafu kesho anasahau makusudi kunidai. Tulimzalisha jirani yake mimi na yeye, tumeshika taa pamoja. Kisha nikamtazama Ustaz, akanyanyua nyusi, ananisubiri. Nikasimama na koti lake, nikachukua chaki, nikaandika sifuri. Kubwa. Darasa likapiga makofi, na mimi nikainama kama mtu aliyeimba vizuri.

Tukienda nyumbani Mama Nyamal aliniambia, "Mama Keji, koti lilikukaa vizuri." Mpaka leo sijui kama alinitania au alinihukumu.

Nje ya darasa jina lilishaanza kutembea. Watoto wa pale shuleni wakimwona: "Mama Gaidi, chai!" Vijana wanaokaa kwenye pampu ya maji: "Gaidi, leo umelipua nini?" Na yeye anacheka, anaziba mdomo. Nilimwambia Ustaz, nakumbuka ilikuwa Jumapili baada ya ibada. "Ustaz, lile jina limetoka nje ya darasa. Si vizuri."

"Mama Keji, wewe unaogopa neno?"

"Naogopa watu wanaolishika."

"Neno ni chaki," akaniambia. "Ukimaliza unafuta."

Disemba ile vita vilipoanza sikuwa na muda wa kukumbuka chaki. Milio ilianza kama radi upande wa kambi za jeshi, na kufikia asubuhi ya pili tulikuwa tumejazana kwenye ile shule ya kanisa, akina mama, watoto, wazee, Kinyozi na mashine zake za kunyolea kwenye mfuko. Uzio ulikuwa wa mabati, na geti la mabati, mnyororo na kufuli. Ufunguo alikuwa nao Ustaz, mfuko wa kulia wa koti. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimechimba shimo chini ya geti, paka anapita bila kuinama.

Wiki ile watu wenye bunduki walikuwa wanatafuta kabila moja nyumba kwa nyumba. Kabila la Mama Nyamal.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipomsikia. Aligonga taratibu, kama mtu anayegonga nyumba yenye mgonjwa.

"Mama Keji. Mama Keji, fungua. Mimi iko na mtoto."

Nikakimbia getini. Ustaz alikuwa ameshafika, ameweka mgongo wake kwenye mnyororo.

"Usijibu," akaninong'oneza.

"Ustaz, ni Mama Nyamal."

"Najua ni nani."

"Basi fungua."

"Wakimkuta humu watatumaliza sisi wote. Niko na watu humu ndani, Mama Keji. Niko na watoto."

Hofu yake ilikuwa ya kweli, na sababu yake ilikuwa ya kweli, na kama angesimama pale tu asifungue, labda leo ningekuwa nasema, Mungu ndiye anajua, mimi ningefanya nini na ule ufunguo. Kinyozi alikuja akasema, "Ustaz, tumuweke kule choo. Nani atatazama choo?" Ustaz akatikisa kichwa.

Hapo tukasikia wanaume. Walikuwa kwenye pampu ya maji, labda hatua mia, wanaitana. Mama Nyamal aliwasikia pia, kwa sababu aliacha kugonga.

Ustaz akageuka. Akaweka mdomo kwenye ufa wa geti, akapaza sauti, ile sauti yake ya darasani, ya mdahalo, wasikie wale wa kwenye pampu. Akasema kwa Kiarabu, halafu kwa Kiingereza, kama vile khawaja naye yuko anasikiliza: "Hapa hatuna nafasi ya magaidi! Wewe gaidi, toka kwenye geti letu!"

Rafiki, alilitaja kwanza.

Mama Nyamal hakujieleza. Niliona mikono midogo inatokea pale chini kwenye shimo la mvua, halafu nywele, halafu macho. Alikuwa anamsukuma mtoto wake. Nikajitupa chini, nikamshika Nyamal makwapani nikavuta, bati likamkwaruza mgongo, hakulia. Miaka mitano, hakulia. Nilipoinua kichwa niliona miguu ya mama yake kupitia lile shimo, ndala za bluu. Kisha ndala zilibaki pale na miguu ikaondoka, inakimbia kuelekea mtoni. Halafu zikapita buti, nyingi, upande uleule.

Nilikaa chini na mtoto kifuani. Ustaz alinitazama, akamtazama mtoto, akafunga kifungo cha koti kilichofunguka. Akasema, "Huyo umemwingiza wewe. Si mimi."

Nayashika maneno hayo. Yashike na wewe.

Mambo yalipotulia kidogo niliingia darasani. Kile kiti chake kifupi, alichokiacha jioni ya mwisho ya masomo, kilikuwa bado nje chini ya dirisha, kamba imepauka kwa jua. Nikakibeba kwenda nyumbani. Nimemtafuta Mama Nyamal kwa kila njia ambayo mwanamke asiye na cheo anaweza. Nilienda kwenye kambi ya watu waliokimbilia kwa wanajeshi wa kofia za bluu, nikasoma majina ukutani mpaka macho yakauma. Bandarini mwanamume mmoja aliniambia alimwona kwenye meli ya mizigo, amejifunika, anaenda kaskazini. Mwingine akaniambia, mama, acha kutafuta. Nimechagua kumwamini wa kwanza. Kila jioni mimi na Nyamal tunamtaja kwenye sala, na hatumtaji kwenye sala ya marehemu.

Ustaz aliondoka Juba kabla ya Pasaka. Nilisikia yuko Nairobi, nilisikia yuko Kampala. Redioni sasa wakubwa wetu wenyewe walikuwa wanapigana kwa maneno, kila upande unataka kulitaja lile neno kwanza, kila upande unatazama ng'ambo kupewa alama. Nikiwasikia nilikuwa nazima redio. Nilikuwa nimeshausikia mdahalo huo darasani.

Miaka ikapita. Baba Keji akafa, si kwa risasi, kwa kifua. Nyamal akakua mpaka tukawa tunavaa viatu vya saizi moja. Wakaanza tena kusema uchaguzi unakuja, na mchana mmoja nikiwa nageuza samaki juani nikaona koti linakuja njiani. Jipya, la bluu. Kavera hakuna, ana simu mbili.

"Mama Keji, dada yangu! Mungu ni mkubwa!"

"Ni mkubwa, Ustaz. Karibu."

Mgeni anapewa kiti, hata kama ni nani. Nikamwambia Nyamal, "Mletee Ustaz kiti." Nyumbani tuna viti vya plastiki vinne, vizuri. Nyamal akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kile kifupi cha kamba. Hakukileta pale kivulini tulipokuwa. Alikiweka nje ya mlango wa uzio, juani, akarudi akasimama karibu yangu. Sikumtuma. Nilimsimulia habari zote alipofika miaka kumi na miwili, kwa sababu mtoto asipoambiwa na wewe ataambiwa na pampu ya maji.

Ustaz alikitazama kile kiti. Alikijua. Kisha akaenda akakaa, magoti yamefika kifuani, kwa sababu alikuwa na shida na mtu mwenye shida hukaa popote.

Shida yake ilikuwa hii. Makhawaja wa shirika fulani wanatafuta mtu wa kuongoza midahalo ya wagombea, kufundisha watu kuuliza maswali. Wanataka mtu mwenye historia nzuri, aliyelinda watu wakati wa vita. Yeye ameandika kwamba alificha mtoto wa kabila lililokuwa likisakwa. Wamefurahi sana. Wanataka kumwona huyo mtoto Alhamisi, ukumbini, mbele ya watu.

"Dakika mbili tu," akasema. "Ashike maiki, aseme asante. Picha moja. Itasaidia nchi, Mama Keji. Itamsaidia yeye pia, anaweza kupata masomo nje. Dunia ikiona sisi tulisaidiana..."

"Ulisema nimemwingiza mimi, si wewe."

"Mama Keji, vita ni vita. Watu walisema mengi."

"Basi nitakuja naye," nikamwambia. "Wewe shika maiki kwanza. Sema ulichosema kwenye ufa wa geti. Kwa Kiarabu, halafu kwa Kiingereza, kama siku ile. Ukimaliza, Nyamal atasema anachotaka."

Akafuta jasho. "Sasa Dunia itatuonaje?"

Nikaweka chini samaki niliyekuwa nimemshika. "Dunia nilikuwa mimi, Ustaz. Nilivaa koti lako. Nikampa yule mama sifuri kwa sababu ulininyanyulia nyusi. Ile sifuri naiona kila nikifumba macho kusali. Sasa nimeifuta. Wewe sikupi alama, wewe namwachia Mungu."

Nyamal ndiye aliyeongea, na hakuongea nilichotegemea.

"Ustaz," akasema, "mama alikuwa anasoma vizuri?"

Yule mtu akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza hakutafuta maneno. "Hesabu," akasema. "Hakuna aliyemfikia. Alikuwa anamaliza kabla sijaandika swali lote. Akiwa nje pale. Alikuwa anaona nusu ya ubao tu, nusu nyingine anakisia, na anapata."

Nyamal akatabasamu, akaziba mdomo na mkono. Sikumfundisha hilo. Moyo wangu ukataka kumlainikia yule mwanamume, kweli nakuambia, kidogo tu. Lakini hakuuacha wakati ule upite. Akatazama saa, akasema, "Kwa hiyo Alhamisi mtakuja?"

Nyamal akatoka nje ya mlango. Akasimama mbele yake mpaka Ustaz akaelewa, akainuka, akapangusa koti. Nyamal akakichukua kiti, akakiingiza ndani, akakiweka mahali pake karibu na jiko, akafunga mlango wa uzio. Hatukwenda Alhamisi. Nasikia kazi aliipata hata hivyo.

Sasa ombi langu, rafiki. Haya uliyosoma usiyaache kwako. Msomee mtu anayekwenda Bentiu, Malakal, Khartoum, Kakuma, Koboko, popote watu wetu walipomwagika. Asiyejua kusoma mwambie kwa mdomo, bila kuongeza chumvi. Kuna mama mrefu, mwembamba, huenda anauza chai, mkono wa kushoto ana kovu la moto kama bangili. Yeye alisukuma mtoto chini ya geti akakimbia, hakujua kama upande wa pili kulikuwa na mtu. Mkimkuta, msimwite kwa lile jina. Mwambieni Mama Keji alikuwepo, alivuta, mtoto alipita. Huyo mtoto sasa anajua hesabu. Na mwambieni kiti chake kiko ndani.